Grupu la WhatsApp kama baraza: kupeleka neno linajua, kulitunza halijui

Siku hizi watu wakitaka kuzungumzia maji ya mtaa, mshahara wa mlinzi, michango ya harusi au hesabu za chama, hawaulizani wakutane wapi. Mmoja anafungua grupu la WhatsApp, anaingiza namba zote alizonazo kwenye simu, na baraza limezaliwa. Chombo chenyewe hakuna anayekipima. Hapa kinapimwa kwa maswali mawili: watu wasiokubaliana wanaweza kubishana humo mpaka wakafika mahali? Na aliyesema au aliyeshika fedha anaweza kuulizwa baada ya miezi mitatu akakosa pa kujificha?

Kwa kupeleka habari, grupu la WhatsApp halina mpinzani huku kwetu: alama 9 kati ya 10. Kwa mjadala linapata 5. Kwa kumbukumbu nalipa 3, na hizo tatu ni za kulihurumia. Habari njema ni kwamba udhaifu mwingi unazibika kwa mipangilio ya dakika kumi na kanuni chache ambazo watu wanazishika kweli.

Nguvu yake inajulikana. Kila mtu anayo programu, hata mama mkwe. Vifurushi vya WhatsApp ni nafuu kuliko intaneti ya kawaida. Simu ndogo inaimudu. Tangu mwishoni mwa 2022 grupu moja linabeba hadi watu 1,024, kutoka 256 za zamani na 512 zilizokaa miezi michache tu katikati. Kubeba watu elfu ni jambo moja na kuwasikiliza ni jingine. Ukipita watu mia moja na kitu, mjadala wenye zamu haupo tena, unabaki uwanja wa matangazo wenye kelele.

Kila simu ina daftari lake

Tangu 2016 ujumbe husafiri ukiwa umefungwa kwa fumbo kutoka simu ya mtumaji hadi simu za wapokeaji, na kampuni yenyewe haiusomi. Kwa siri za watu ni jambo jema. Kwa baraza lina gharama: hakuna nakala kuu moja ambayo wote wanaitazama. Grupu la watu 200 lina madaftari 200, kila moja kwenye simu yake, na hayafanani. Aliyeingia jana kwa kawaida hana ya juzi. Aliyepoteza simu bila kuwa na nakala ya akiba ameanza upya. Aliyefuta mazungumzo ili apate nafasi ya video naye hana kitu. Mtu akisema "tulikubaliana mwezi wa tatu", nusu ya waliomo hawana pa kuangalia, na anayeshinda ni mwenye sauti kubwa.

Tena programu inaruhusu neno kurudi kinywani. Vipimo vyake kila mwenyekiti anapaswa kuvijua. Mwandishi anaweza kuhariri ujumbe wake ndani ya dakika 15. Unabaki na alama kwamba umehaririwa, ila ulivyosomeka mwanzo hauonyeshwi popote. Anaweza kuufuta kwa wote ndani ya siku 2 na saa 12 hivi. Admini naye, tangu 2022, anaweza kufuta ujumbe wa mtu yeyote, na hapo programu ina adabu ya kutosha: inaonyesha kwamba admini fulani ndiye aliyefuta, kwa jina. Anapomtoa mtu, vilevile grupu linaandika nani kamtoa nani. Ni sehemu chache ambazo waundaji wake walikumbuka kwamba mwenye madaraka naye anatazamwa.

Kulikamata neno kuna njia rahisi ambayo wengi wanaitumia bila kujua thamani yake: kujibu kwa nukuu. Buruta ujumbe kuelekea kulia, andika jibu, tuma. Ujumbe wa asili ukifutwa baadaye, kipande chake kwa kawaida kinabaki ndani ya nukuu ya aliyejibu. Kwa hiyo mweka hazina akiandika "Fundi wa pampu amelipwa 18,000", mtu wa pili, aliyeteuliwa kabla, ajibu kwa nukuu: "Imeonekana." Nukuu huonyesha mistari ya mwanzo tu, kwa hiyo kiasi na jina la kazi vikae mstari wa kwanza, salamu na dua zifuate.

Picha ya skrini ni ushahidi dhaifu kuliko watu wanavyodhani, hata kabla ya kufikia uchakachuaji wa kompyuta. Jina linaloonekana juu ya ujumbe ni lile ambalo mwenye simu hiyo amelihifadhi. Mtu yeyote anaweza kuhifadhi namba ya rafiki yake kwa jina "Mwenyekiti", akaandikiana naye upuuzi, akapiga picha, akaisambaza. Ukiletewa picha ya skrini kama kielelezo cha shutuma, dai namba ya simu ionekane, kisha mtu mwingine aliyekuwemo aufungue ujumbe uleule kwenye simu yake. Bila hayo mawili, shutuma isijadiliwe.

Jambo jingine linalowakuta watu wakiwa wamelala ni ujumbe unaojifuta. Kuna vipimo vitatu: saa 24, siku 7 na siku 90. Grupu likiwa na mipangilio ya kawaida, mwanachama yeyote, si admini peke yake, anaweza kuuwasha. Fungua taarifa za grupu, ingia kwenye ruhusa, ruhusu maadmini pekee kuhariri mipangilio, halafu hakikisha kipengele hicho kimezimwa. Kwa grupu linaloshika fedha za watu hili lisiwe na mjadala.

Ukitaka nakala ya nje, kuna kusafirisha mazungumzo. Programu inatoa faili la maandishi lenye hadi ujumbe 40,000 wa karibuni bila picha, au 10,000 ukichukua na picha na sauti. Faili hilo ni maandishi matupu. Mwenye nalo anaweza kubadilisha tarakimu asionekane. Dawa yake ni watu wawili wasioelewana sana kusafirisha kila mmoja kivyake, siku moja ya mwezi, na kila mmoja kuhifadhi kwenye barua pepe yake. Faili mbili zikipishana, panajulikana pa kuchimba. Tangu 2025 upo pia mpangilio wa faragha ya ziada unaozuia kusafirisha. Kwenye baraza la hesabu uwe umezimwa.

Mjadala: kwa nini unapotea njia

Chanzo kikubwa ni kwamba mazungumzo yote yanapita mfereji mmoja. Hoja ya bei ya maji inaanza saa 2 asubuhi. Saa 2 na dakika tano kuna tanzia. Zinafuata pole 60 zinazofanana. Katikati yake mtu anauza viatu. Saa 4 mwenye hoja ya maji anajibiwa na mtu ambaye hakuona swali, na saa 5 wawili wanagombana juu ya kitu ambacho wa tatu alikwisha kukifafanua. Hakuna aliyekosa adabu. Mfereji ni mwembamba.

Utaratibu ufuatao unafanya kazi kwa grupu la watu 20 hadi 100:

1. Hoja inaandikwa katika ujumbe mmoja na kupewa namba, kwa mfano "HOJA 7: Ada ya mlinzi ipande kutoka 500 hadi 700?" Iwe na kinachopendekezwa, gharama, nani atatekeleza, na siku ya mwisho ya kuchangia. Namba ina kazi yake: baadaye mtu akitafuta "HOJA 7" kwenye kisanduku cha kutafutia, anapata yote.

2. Admini anaubandika ujumbe huo juu ya grupu. Unaweza kubandikwa kwa saa 24, siku 7 au siku 30, na nafasi ziko tatu. Ukibandika kila kitu, hakuna kitakachosomwa.

3. Kila mchangiaji anajibu kwa kuunukuu ujumbe wa hoja, au anaanza na "H7". Asiyefanya hivyo anakumbushwa mara moja, bila kejeli.

4. Mjadala ukae wazi saa 72. Sababu ni mbili. Wapo wanaonunua bando usiku tu au wikendi. Na kwa kuwa mtu anaweza kufuta maneno yake ndani ya siku 2 na nusu, yaliyosemwa mwanzoni mwa siku ya kwanza yanakuwa hayafutiki tena na mwandishi wake wakati muhtasari unaandikwa.

5. Mtu asiye na upande, ambaye hatakiwi kuwa mwenyekiti, anaandika muhtasari: wanaounga mkono wanasema nini, wanaopinga wanasema nini, nini bado hakijajibiwa. Kila upande uukubali kwamba umeelezwa sawasawa kabla ya kura. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayozima ugomvi mwingi, maana mtu akiona hoja yake imeandikwa na mtu mwingine bila kupotoshwa, anapunguza sauti.

6. Kura, kisha azimio kwa namba ileile: "AZIMIO H7".

Ili kujua kama taarifa imewafikia watu, usiulize "mmeona?" Bonyeza ujumbe wako kwa muda, fungua maelezo yake, utaona orodha ya waliousoma na ya waliofikiwa tu. Wanaozima tiki za buluu wanazizima kwa mazungumzo ya wawili. Kwenye magrupu zinaendelea kutumwa. Kwa hiyo akidi inahesabika: ikiwa katika watu 60 waliosoma hoja ni 22, usipige kura bado.

Kipengele cha kura kilikuja mwishoni mwa 2022 na kinaruhusu machaguo hadi 12. Ni kizuri, ila kina mitego. Kwanza, kura ni ya wazi: ukigusa matokeo unaona nani kachagua nini. Kwa ada ya mlinzi ni sawa. Kwa kumchagua mweka hazina kati ya majirani wawili ni kuchochea chuki, maana wa kwanza kumi wakishapiga, wa kumi na moja anaangalia mwenye nyumba wake kapiga wapi. Uchaguzi wa watu ufanyike kwa karatasi, au kwa fomu ya mtandaoni isiyoonyesha majina. Pili, mtu anaweza kubadilisha kura yake, na usitegemee kura ijifunge. Andika saa ya mwisho ndani ya swali lenyewe ("hadi Jumapili saa 2 usiku"), na saa ikifika watu wawili wapige picha ya matokeo na kuituma palepale. Tatu, kuna swichi ya kuruhusu jibu zaidi ya moja. Ukisahau kuizima, utapata kura 90 kwa watu 60 na grupu zima litakuita mwizi. Nne, aliyeianzisha kura anaweza kuifuta. Asiwe mgombea.

Orodha ya michango, yaani pale panapoungua zaidi

Kila aliyewahi kuwa kwenye kamati ya harusi au matanga anaijua: "1. Mama Asha 2,000. 2. Fundi Juma 1,000..." na kila anayechanga ananakili orodha nzima, anaongeza jina lake chini, anatuma. Inapendeza kuiona ikirefuka. Nayo ndiyo mashine bora ya kupoteza majina ya watu.

Inavyoharibika ni hivi. Orodha ina majina 14. Saa 1 usiku watu wawili wananakili kwa wakati mmoja. Wote wanatuma orodha ya majina 15, ila la 15 ni tofauti. Anayefuata ananakili ile ya chini kabisa kwa sababu ndiyo anayoiona. Jina la 15 la kwanza limekufa, lakini fedha yake imeingia. Wiki mbili baadaye jumla kwenye orodha ni pungufu kuliko salio, au mtu anaulizwa hadharani mbona hajachanga ilhali alituma. Akinyamaza, anabaki na kinyongo. Akisema, mweka hazina anaonekana mla fedha. Hakuna aliyeiba chochote.

Wahenga walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo orodha iwe na mkono mmoja. Mweka hazina peke yake ndiye anayetoa, saa maalumu, tuseme saa 3 usiku kila siku, ikiwa na tarehe, namba ya toleo, jumla ya watu na jumla ya fedha. Wanachama hawanakili, wanaandika tu jina na msimbo wa muamala. Kwa M-Pesa ya Kenya msimbo una herufi na tarakimu 10, na unatosha kumtafuta mtu kwenye taarifa ya akaunti.

Hapo kuna jingine. Ujumbe wa M-Pesa uliobandikwa kwenye grupu si risiti, ni maandishi. Kubadilisha 500 kuwa 5,000 kunahitaji kidole kimoja. Ukaguzi ufanywe upande wa mpokeaji, kwenye taarifa kamili ya PDF inayotoka kwa mtoa huduma, na kamati ipate faili lenyewe, siyo picha ya nusu ukurasa. Kama mwenye simu hataki taarifa ya laini yake binafsi ionekane, yuko sahihi kabisa, na maana yake ni kwamba fedha za watu hazikupaswa kuingia kwenye laini yake binafsi. Tafuteni laini au akaunti ya kundi yenye watia saini zaidi ya mmoja.

Kwa chama au kikoba kinachozunguka mwaka mzima, grupu lisiwe daftari kabisa. Weka jedwali la mtandaoni ambalo wote wanaweza kulitazama na wawili tu kulihariri, bandika kiungo chake juu, basi. Majedwali ya aina hiyo yanahifadhi historia ya kila badiliko, kitu ambacho WhatsApp haina.

Admini ni nani, na nani anamtazama

Aliyefungua grupu ana kinga: maadmini wengine hawawezi kumtoa. Ndiyo maana swali la nani alifungua si la kiitikadi, ni la kiufundi. Grupu la wazazi wa darasa lililofunguliwa na mzazi mmoja mwenye hasira ni mali yake mpaka atoke kwa hiari. Wengi wanaona bora lifunguliwe kwa laini ya ofisi ya jumuiya. Ni wazo zuri, ila laini hiyo isilale kwenye droo: akaunti ya WhatsApp isiyotumika kwa siku 120 kwa kawaida hufutwa. Mtu apewe kazi ya kuifungua walau mara moja kwa wiki. Na iwekewe namba ya siri ya hatua ya pili, tarakimu 6, ikijulikana na watu wawili.

Maadmini wawe watatu, na angalau mmoja atoke upande usiompenda mwenyekiti. Wote wakiwa marafiki, mnayo klabu. Admini akitoka na hakubaki mwingine, programu inamteua mtu yeyote bila kuuliza. Mnaweza kuamka mkatawaliwa na kijana aliyeingia jana kwa kiungo.

Kumtoa mtu kusiwe uamuzi wa kidole kimoja usiku wa manane. Kanuni inayofaa: onyo moja la hadharani likitaja kanuni iliyovunjwa, kosa la pili, maadmini wawili wakubaliane, aliyetolewa aambiwe siku ya kurudi, na sababu iandikwe kwenye grupu kwa mstari mmoja. Siku 3 au 7 zinatosha kwa matusi. Anayepinga awe na mtu wa kumwandikia ambaye si yule aliyemtoa. Bila njia ya rufaa, waliotolewa wanafungua grupu lao, na mtaa unakuwa na mabaraza mawili yanayotupiana picha za skrini.

Kufunga grupu ili maadmini pekee watume ni dawa nzuri ikitumiwa kwa saa: mathalani saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi, kila siku, ratiba ikijulikana. Ikitumiwa mara tu mwenyekiti anapoulizwa hesabu, kila mtu anaelewa kilichotokea. Kwa hiyo kanuni iseme wazi: grupu halifungwi wakati hoja yenye namba iko wazi.

Usitarajie kampuni iwaamulie. Kwa kuwa haisomi mazungumzo, inachoona ni kile mwanachama anachoripoti. Ukiripoti, inapelekewa ujumbe mitano ya mwisho. Inafaa kwa matapeli. Ugomvi wa kikatiba wa chama chenu haufiki huko. Sheria za nchi ndizo zinazofika: Tanzania kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na Kenya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018, zote zikigusa yanayosambazwa mtandaoni. "Nimefowadi tu kama nilivyopokea" si ngao ya kutegemea.

Kuhusu kufowadi, programu inasaidia kidogo. Mshale mmoja maana yake ujumbe umetoka kwingine. Mishale miwili maana yake umepitia mikono mingi, mara tano au zaidi tangu ulikoanzia, na tangu 2020 ujumbe wa namna hiyo unapelekwa kwa mazungumzo mamoja tu kwa wakati mmoja. Kanuni ya grupu inaweza kuegemea hapo: wenye mishale miwili hauingii bila anayeuleta kuandika ameuthibitisha wapi. Ujanja wa kunakili na kubandika unafuta mishale, kwa hiyo macho yasilale.

Sauti ni kadhia ya peke yake. Dakika sita za sauti juu ya hesabu haziwezi kutafutwa kwa neno, haziwezi kunukuliwa kwa kipande, na aliye kazini hawezi kuzisikiliza. Wazee na wasiopenda kuandika wanazihitaji, hivyo kuzipiga marufuku ni kuwanyamazisha. Njia ya kati: sauti isizidi dakika mbili, na chini yake mtu yeyote, hata mjukuu, aandike mstari mmoja wa alichosema.

Namba za watu

Hapa WhatsApp inakosea, na sioni namna ya kuitetea. Kuwa kwenye grupu la kawaida ni kuonyesha namba yako ya simu kwa wote. Kiungo cha mwaliko kikivuja kwenye grupu jingine, matapeli wanaingia, wanachukua namba zote, wanaweka picha ya mweka hazina kwenye wasifu mpya na kuwaandikia wanachama mmoja mmoja: "Namba ya michango imebadilika." Wengine wanaomba tarakimu sita "za kuingilia kikao", ambazo ni msimbo wa kusajili WhatsApp yako kwenye simu yao.

Cha kufanya: washa idhini ya admini kwa kila anayeingia, badilisha kiungo kila baada ya kukisambaza, na tangazeni mara moja kwamba namba ya kupokelea fedha haibadiliki kwa ujumbe, inabadilika kwa azimio lenye namba. Kubandika orodha ya wasiolipa yenye majina na namba za simu ni tabia ya kuacha pia. Kenya ina sheria ya kulinda data ya 2019, Tanzania ya 2022, na hata bila sheria orodha hiyo haijawahi kumfanya mtu alipe kwa moyo.

Tangu 2022 mtu anaweza kutoka kimya. Maadmini pekee ndio wanaoarifiwa, na orodha ya waliotoka inaonekana kwa siku 60. Wenyekiti wengi hawaifungui kamwe. Watu sita wakitoka ndani ya wiki moja baada ya mjadala fulani, hiyo ni kura ambayo hamkuiitisha.

Telegram, kwa kulinganisha

Telegram imeundwa na mtu aliyewahi kusimamia kundi kubwa, inavyoonekana. Mwanachama mpya anaweza kuona ya nyuma, admini akiruhusu. Mada zinatenganishwa ndani ya grupu moja, kwa hiyo tanzia haizami kwenye bei ya maji. Kuna kasi ya pole: kila mtu anasubiri muda uliowekwa, kuanzia sekunde chache hadi saa 1, kabla ya kutuma tena, na hapo mabishano yanapoa yenyewe. Maadmini wana kumbukumbu ya vitendo vya saa 48 zilizopita. Kura zinaweza kuwa za siri. Namba ya simu inaweza kufichwa.

Ubaya wake: magrupu ya Telegram hayana lile fumbo la mwanzo hadi mwisho, hivyo mazungumzo yanakaa kwenye kompyuta za kampuni. Admini anaweza kutenda kwa kujificha nyuma ya jina la grupu. Mtu anaweza kuhariri ujumbe kwa saa 48, ambayo ni milele katika ugomvi. Na kikwazo kikubwa kuliko vyote: mama mkwe hayumo. Kuhamisha watu 80 kwenda programu wasiyoijua, nje ya kifurushi cha bei nafuu, mara nyingi kunabakisha 25, nao ndio wale waliokuwa wakikubaliana tangu mwanzo. Kwa wanafunzi, waandaaji programu au mashabiki wa mpira, Telegram. Kwa mtaa, chama na wazazi, bakini mlipo, mrekebishe.

Ikiwa grupu lenu limepita watu 150, zingatieni Jumuiya za WhatsApp: grupu moja la matangazo ambamo maadmini pekee wanatuma, na chini yake magrupu madogo ya maji, usalama na fedha. Kuweka kunachukua nusu saa. Kuwazoesha watu kupeleka kila jambo mahali pake kunachukua miezi miwili, na katika miezi hiyo admini atakuwa akiandika "hili peleka kule" mara nne kwa siku.

Halafu kuna magrupu ambayo kazi yake imekwisha lakini hayafi. Grupu la harusi ya mwaka juzi leo linauza mitumba. Kamati ijiwekee siku 14 baada ya shughuli: hesabu ya mwisho kwa PDF, mapato juu, matumizi chini, salio na lilipokwenda, siku 3 za maswali, kisha grupu lifungwe maadmini pekee watume, hesabu ikiwa imebandikwa juu kwa siku 30. Baada ya hapo watu watolewe mmoja mmoja, wa mwisho akiwa mweka hazina.